Dakika 38 zilizomwandama Khalid kwa miaka 31

Nenda chemsha bongo yoyote hapa mjini, iwe ya mkahawani, ya kanisani au ya grupu ya WhatsApp. Kuna swali moja halikosi: ni vita gani vilivyokuwa vifupi zaidi duniani? Jibu tunalijua kama wimbo wa taifa. Uingereza dhidi ya Zanzibar, Agosti 27, 1896, dakika 38. Watu wanacheka, mshindi anapewa soda, tunaenda swali linalofuata.

Mimi mwenyewe nimewahi kushinda soda kwa jibu hilo. Nilikuwa nimeacha chuo juzi tu, mfukoni hamna kitu, kwa hivyo soda yenyewe niliinywa polepole. Ndipo jamaa mmoja pale mezani akauliza huyo sultani alienda wapi baada ya hizo dakika 38. Alikufa? Alifungwa? Hakuna aliyejua. Mimi mshindi nikatulia tuli kama maji ya mtungini.

Kumbe jibu liko hapa hapa Kenya. Yule sultani alifia Mombasa mwaka 1927, miaka 31 baada ya mizinga kunyamaza. Jina lake ni Khalid bin Barghash. Leo wacha tumpe zaidi ya sekunde tano tunazompa kwenye chemsha bongo.

Mtoto wa ikulu

Khalid alikuwa mtoto wa Sultan Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Babu yake, Seyyid Said, ndiye yule Mwomani aliyeupenda mji wa Unguja mpaka akahamishia makao yake huko kutoka Muscat. Ukoo wao wa Busaidi ulidai kuwa mtawala wa pwani yote hii yetu: Lamu, Malindi, Mombasa, mpaka chini kule Kilwa.

Sasa, tusijidanganye kuhusu utajiri huo ulitoka wapi. Ulitoka kwa karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watu waliotolewa bara kwa nguvu. Ukimsoma Khalid kama shujaa safi asiye na doa, utakuwa umeruka kurasa nyingi.

Baba yake alipenda vitu vikali. Aliuletea mji maji ya bomba. Mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ghorofa refu mbele ya bahari pale Forodhani, ambalo baadaye lilikuwa na taa za umeme na lifti watu wa kawaida wakiwa bado na koroboi. Ndilo lile jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kama uliona picha zake mtandaoni. Pia alikuwa na meli yake ya kifahari, Glasgow, iliyoundwa Uskoti mwaka 1878 baada ya kimbunga cha 1872 kuzamisha merikebu zake. Shika hilo jina la Glasgow, tutalirudia.

Kwa hivyo Khalid alikulia mahali ambapo ukifungua dirisha unaona bandari, na bandarini daima kuna meli ya kivita ya mtu mwingine.

Mizinga ya kuazima

Hapa ndipo stori huanza kweli, na ndipo wenye dakika 38 hawafiki.

Mwaka 1859, kabla Khalid hajazaliwa, baba yake Barghash alijaribu kumpindua kaka yake, Sultan Majid. Dada zao nao waligawanyika. Mmoja wao, Salme, ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani na kuandika kitabu cha maisha yake, alikuwa upande wa Barghash na alimwandikia barua zake za siri. Majid alipoona mambo yamemzidi, akaenda kwa Waingereza. Mabaharia wao wakashuka, wakaungana na jeshi la Majid, na Barghash akashindwa. Alipelekwa uhamishoni Bombay, India, kwa miaka miwili. Ulikuwa ugomvi wa ndugu wa baba mmoja, lakini aliyeumaliza alikuwa mgeni.

Majid akafa 1870, Barghash akaketi kitini. Ungedhani amejifunza.

Mwaka 1873 Waingereza walimtishia kuzingira kisiwa kwa manowari ikiwa hatatia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Akatia sahihi, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Biashara ile ilistahili kufa, hilo halina mjadala. Lakini angalia namna ilivyofanyika: hoja iliyomshinda sultani ilikuwa meli, si maneno.

Halafu ikaja zamu ya Mombasa. Januari 1875, kamanda wa sultani katika Fort Jesus, Muhammad bin Abdallah, ambaye watu walimwita Al-Akida, aliasi na kujifungia ndani ya ngome. Barghash alifanya nini? Alifanya kile kile kaka yake alichomfanyia yeye: alikubali Waingereza wamsaidie. Meli mbili, Rifleman na Nassau, zikaja mbele ya Mji wa Kale na kuipiga ngome kwa mizinga mpaka Al-Akida akasalimu amri. Wakati huo Khalid alikuwa bado mtoto mdogo. Yaani kabla Waingereza hawajaipiga ikulu ya familia yake, walikuwa wameipiga Mombasa kwa niaba ya familia yake.

Waswahili wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ukoo huu uliazima mizinga.

Agosti 1885 Wajerumani nao wakaleta manowari zao mbele ya ikulu, wakaielekezea midomo ya mizinga, wakitaka Barghash akubali kwamba bara waliyojichukulia, Tanganyika ya baadaye, ni yao. Barghash aliwatazama marafiki zake Waingereza. Marafiki wakatazama kando. Akakubali. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani wakakaa wakachora ramani, na sultani akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa upana wa maili 10 tu. Mombasa ilikuwa ndani ya ukanda huo. Shika hilo pia.

Barghash alifariki Machi 1888. Khalid hakurithi, kwa sababu katika ukoo ule kiti hakikwenda moja kwa moja kwa mtoto. Ami, kaka, binamu, wote walikuwa na haki ya kukitaka, na mwenye nguvu au wafuasi wengi ndiye aliyekalia. Ndugu wawili wa Barghash walimfuata, Khalifa kisha Ali. Enzi ya Ali, mwaka 1890, Zanzibar ikawa himaya ya Uingereza. Ndani ya makubaliano kulikuwa na kifungu kilichobadilisha kila kitu: kuanzia hapo, anayetaka kuwa sultani lazima kwanza akubaliwe na mwakilishi wa Uingereza.

Kwa lugha ya mtaani, kiti ni chenu, lakini funguo anazo jirani.

Jaribio la kwanza

Ali alipofariki Machi 1893, Khalid aliingia ikulu akitaka kiti cha baba yake. Waingereza wakamwambia atoke. Akatoka. Mkono usioweza kuukata, ubusu, na siku hiyo kijana aliubusu. Kiti akapewa binamu yake, Hamad bin Thuwaini.

Miaka mitatu ikapita. Tarehe 25 Agosti 1896, saa sita kasoro dakika ishirini mchana, Hamad akafa ghafla. Fununu zikaenea mjini kwamba amewekewa sumu na kwamba Khalid anahusika. Hakuna aliyewahi kuthibitisha hilo. Kinachojulikana ni kwamba Khalid hakupoteza muda. Kabla jua halijatua alikuwa ndani ya ikulu, marehemu ameshazikwa, na yeye ametangazwa sultani.

Alikuwa kijana wa miaka ya ishirini, rika la wengi wetu tunaosoma ukurasa huu.

Balozi mkuu wa Uingereza hakuwepo, kwa hivyo kazi ilimwangukia msaidizi wake, Basil Cave, pamoja na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya sultani. Naam, umesoma sawasawa. Waziri mkuu wa sultani alikuwa Mwingereza. Hao wawili walikuwa tayari na mtu wao, Hamoud bin Mohammed. Wakamkumbusha Khalid yale ya 1893. Safari hii Khalid hakutoka.

Usiku wa kungoja

Ndani ya uwanja wa ikulu walikusanyika watu wapatao 2,800. Wengi hawakuwa askari. Walikuwa raia, watumishi wa ikulu, na watumwa. Askari hasa walikuwa mia kadhaa, chini ya Kapteni Saleh. Upande wa pili, mbali na mabaharia wa Kiingereza, walikuwapo askari wa Kizanzibari karibu 900 chini ya afisa Mwingereza. Kwa hivyo hata nchi kavu, wana wa kisiwa walikuwa wameelekezeana bunduki wenyewe kwa wenyewe.

Silaha za Khalid ukizitazama utacheka kisha usikitike. Kulikuwa na bunduki kadhaa za rashasha. Kulikuwa na mizinga miwili iliyotolewa zawadi na Kaiser wa Ujerumani. Kulikuwa na mzinga wa shaba wa karne ya 17, ambao siku hizi ungewekwa jumba la makumbusho. Na baharini kulikuwa na ile Glasgow, meli ya baba yake, nayo ikiwa na silaha zilizotoka kwa Malkia Victoria kama zawadi. Karibu kila kitu alichotegemea kumpigia Mzungu alikuwa amepewa na Mzungu.

Manowari za Uingereza ziliendelea kuongezeka. Philomel na Thrush zilikuwa tayari bandarini. Sparrow ikaingia jioni ya tarehe 25. Siku iliyofuata asubuhi ikaja Racoon, na mchana ikafika St George, kubwa kuliko zote, ikiwa na Admirali Harry Rawson. Huyu Rawson si mgeni kwetu Wakenya. Mwaka mmoja kabla, Agosti 1895, ndiye aliyeongoza mashambulizi ya Mwele, ngome ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, kule Kwale ya leo. Na miezi sita baada ya Zanzibar ndiye aliyeongoza jeshi lililochoma mji wa Benin, Nigeria, zile sanamu za shaba zikabebwa hadi London. Kwa mtu huyu, Unguja ilikuwa kituo kimoja tu kati ya vitatu.

Cave alituma simu London kuuliza kama anaruhusiwa kufyatua mizinga. Jibu likaja kwamba anaruhusiwa, ila asianze jambo ambalo hana hakika ya kulimaliza. Alasiri ya tarehe 26 Khalid akapewa makataa: ashushe bendera yake na atoke ikuluni kabla ya saa tatu asubuhi. Meli za biashara ziliamriwa kuondoka bandarini. Wanawake na watoto wa Kizungu wakapelekwa melini. Usiku ule mji ambao kwa kawaida haulali, mji wa ngoma na soga za barazani, ukawa kimya.

Jaribu kuwa Khalid usiku huo. Unajua baba yako alipelekwa Bombay na watu hawa hawa. Unajua walimnyamazia Wajerumani walipomzingira. Unajua wewe mwenyewe uliwahi kutoka mara moja kwa kuambiwa tu. Ukitoka tena, hakuna atakayekuchukua kama mwanamume. Usipotoka, wale watu 2,800 uani wanalala mbele ya meli tano kwa sababu yako.

Kulipokucha alituma mjumbe kutaka mazungumzo. Cave akajibu kwamba kukubali masharti ndiyo njia pekee ya kujiokoa. Kama saa mbili na nusu hivi, Khalid akapeleka jibu lake la mwisho: hatashusha bendera, na haamini kwamba Waingereza watafyatua. Wakamjibu kwamba hawapendi kufyatua, lakini watafyatua.

Hapo ndipo alipokosea hesabu.

Asubuhi yenyewe

Saa tatu na dakika mbili, Racoon, Thrush na Sparrow zilianza. Kombora la kwanza la Thrush liliung'oa mmoja wa ile mizinga ya ikuluni. Majumba ya ikulu yalikuwa na mbao nyingi, na yalipoanza kuwaka, waliokuwa nyuma ya vizuizi vya masanduku na marobota hawakuwa na pa kukimbilia.

Dakika tatu baadaye, Glasgow ikafyatua kuelekea St George. Ebu fikiria. Meli ya anasa ya marehemu sultani inaishambulia manowari kubwa kuliko zote bandarini. Ilijibiwa mara moja, ikatobolewa, ikazama palepale. Mabaharia wake walipandisha bendera ya Uingereza kuashiria wamesalimu amri, nao wakaokolewa majini. Kwa kuwa maji hayakuwa na kina, milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya bahari hadi 1912. Miaka 16 kila aliyeingia bandari ya Unguja aliiona.

Ilipofika saa nne kasoro dakika ishirini, bendera ya ikulu ilikuwa imeangushwa na kombora na mizinga ikanyamaza. Wengine huhesabu dakika 38, wengine 40, wengine 45, inategemea umeanzia wapi na umeishia wapi.

Lakini hii ndiyo hesabu ambayo haiulizwi kwenye chemsha bongo. Upande wa Khalid, watu karibu 500 waliuawa au kujeruhiwa, wanaume na wanawake. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja, akapona. Mjini kukazuka uporaji, Wahindi wapatao 20 wakauawa madukani na majumbani mwao. Ilibidi askari 150 wa Kisikh waletwe kutoka Mombasa kutuliza mambo. Mia tano kwa mmoja. Wale mia tano hatuna majina yao, na wengine wao, kama watumwa, hata hawakuulizwa kama wanataka kuwepo.

Na Khalid? Wapo walioandika kwamba alikimbia mara tu kombora la kwanza lilipoanguka, akaacha watumwa na wafuasi wake wapambane. Wengine wanasema alikaa zaidi kidogo. Kwa vyovyote vile, moto ulipozimwa yeye hakuwa kwenye majivu. Alikuwa amepita vichochoro na wafuasi wapatao 40 mpaka ubalozi wa Ujerumani.

Bili ikaletwa

Alasiri ile ile Hamoud aliketi kitini. Halafu waliomuunga mkono Khalid wakaletewa bili: rupia 300,000, kulipia mali iliyoporwa pamoja na makombora yaliyofyatuliwa. Yaani ulipe risasi uliyopigwa.

Aprili 1897, Hamoud alitia sahihi amri ya kuondoa hali ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Hili ni jambo kubwa, na huenda sultani mwenye kuwategemea wenye mashamba, kama Khalid, asingelifanya haraka hivyo. Ila hata amri hiyo ilikuwa na mtego: mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, na masuria wakaachwa nje. Huku pwani ya Kenya watu walingoja mpaka 1907. Ndiyo maana stori hii hainikai vizuri nikiitengeneza iwe ya wema dhidi ya wabaya. Waliopiga ikulu walikuwa wanatafuta mtu wa kuwatii. Waliopigwa walikuwa wanalinda kiti kilichokaa juu ya migongo ya watu. Na katikati kulikuwa na wale mia tano.

Maji ya bamvua

Turudi ubalozini. Waingereza walimtaka Khalid. Wajerumani wakasema mkataba wao wa kurudishiana wahalifu hauhusu wakimbizi wa siasa. Waingereza wakaweka askari mlangoni: akikanyaga tu ardhi ya Zanzibar, kamata.

Khalid akakaa ndani zaidi ya mwezi mmoja. Wajerumani nao wakapiga hesabu za bahari. Tarehe 2 Oktoba 1896, maji ya bamvua yakajaa mpaka kwenye geti la bustani ya ubalozi. Mashua ya manowari ya Kijerumani, Seeadler, ikasogea hadi hapo, na Khalid akatoka getini akaingia moja kwa moja majini. Hakukanyaga ardhi ya Zanzibar hata kwa kidole. Ujanja safi, lazima ukubali. Lakini ina maana nyingine pia: siku anaondoka nyumbani kwao, hakuruhusiwa hata kugusa mchanga.

Alipelekwa Dar es Salaam. Humo humo alikuwamo Mbaruk bin Rashid, yule wa Mwele, aliyekuwa amevuka mpaka miezi kadhaa kabla akikimbia mizinga ya Rawson huyo huyo. Mazrui na Busaidi walipigania Mombasa kwa vizazi. Ndiyo familia zilizogombana kuliko zote pwani hii. Sasa Mazrui na Busaidi wanakaa mji mmoja, wageni wa Mjerumani mmoja, wamefurushwa na admirali mmoja.

Usidhani Wajerumani walimhifadhi kwa mapenzi. Mtu anayedai kiti cha Zanzibar ni karata nzuri kuwa nayo mkononi. Waliishika karata hiyo karibu miaka 20 na hawakuicheza.

Mwaka 1914 Vita Vikuu vya Kwanza vikaanza. Tarehe 8 Agosti, manowari ya Uingereza iitwayo Astraea ikaja mbele ya Dar es Salaam na kupiga mnara wa simu ya upepo. Khalid alikuwa amehama nchi, lakini mizinga ilimfuata. Septemba 1916 Waingereza waliuteka mji, na katika vita hivyo hivyo hatimaye wakamtia mkononi mtu waliyekuwa wakimtafuta tangu 1896.

Wakampeleka mbali. Saint Helena, kile kisiwa cha Atlantiki alikofia Napoleon, na Seychelles, ambako walikuwa wamewahi kuwatupa Mwanga wa Buganda, Kabalega wa Bunyoro na Prempeh wa Asante. Waingereza walikuwa na visiwa maalum vya kutunzia wafalme waliosema hapana.

Mwisho wa safari, Mombasa

Baadaye walimruhusu kurudi Afrika Mashariki. Si Zanzibar. Mombasa. Hapo ndipo alipokaa mpaka kifo chake mwaka 1927.

Sasa kumbuka ule ukanda wa maili 10 niliokuambia ushike. Mwaka huo wa 1927 bara ilikuwa Koloni la Kenya, lakini Mombasa na pwani yake bado zilihesabiwa kisheria kuwa mali ya Sultan wa Zanzibar, zimekodishwa kwa Waingereza kwa kodi ya kila mwaka. Bendera yake nyekundu ilipepea Fort Jesus, ngome ile ile iliyopigwa kwa ajili ya babake, na ambayo wakati huo ilikuwa jela. Ukanda huo haukuwa sehemu kamili ya Kenya hadi uhuru wa 1963, na mjadala wake haujaisha hata leo ukiusikiliza barazani.

Kwa hivyo Khalid alikufa juu ya ardhi aliyowahi kujitangaza mtawala wake kwa siku mbili, chini ya bendera ya kiti alichokipigania, akiwa ameruhusiwa kuwepo hapo na watu waliomnyima. Kutoka dirisha lake la utotoni mpaka siku yake ya mwisho, bandarini kulikuwa na meli ya mtu mwingine.

Nafikiri sana kuhusu ile hapana yake. Kuna siku naiona ya kishujaa, kwa sababu mtu mzima alikuwa ameambiwa nyumba ya baba yake itachaguliwa mwenyeji na mgeni, naye akakataa. Kuna siku naiona ya kijana aliyeshikwa na kiburi, akaamini jirani hatafyatua, wengine wakalipa. Yawezekana ni zote mbili. Ila najua dakika 38 hazikuanza Agosti 27. Zilianza 1859, siku ndugu wa kwanza alipomwita mgeni aje na mzinga wake kumaliza ugomvi wa nyumbani. Mgeni alikuja. Akaona nyumba ilivyo. Hakuondoka.

Wiki ijayo nimealikwa tena chemsha bongo, safari hii kama muuliza maswali. Swali la vita vifupi duniani litakuwepo, najua hamwezi kuliacha. Lakini soda yangu haitoki mpaka mtu ajibu la pili: Khalid alifia wapi?

Sasa wewe unajua.